Mkeka Mlangoni kwa Mwalimu

Dada yangu Mwanashaa,

Alasiri hii Zuhura, mjukuu wako, amelala chumbani kwangu hapa Pemba yetu ya Msumbiji, nami nimepata nafasi ya kukaa na wewe. Tangu tulipokuzika njiani, tukikimbia vita Quionga, sijakuhitaji namna hii.

Unaukumbuka unyago wako wa mwisho? Gesi ilikuwa imeshagunduliwa, na mji wa Palma umeanza kujaa wanaume wageni. Siku ya kuwatoa wali ndani ulimwambia kila mmoja, Zuhura akiwemo, nami nikisikia: "Likikupata jambo, mama yako usimwambie kwanza, atalia. Njoo kwangu, mimi ndiye somo wako. Na aibu ni mzigo wa aliyetenda, usimbebee."

Likampata binti wa jirani. Mnunuzi mmoja wa samaki alimwingilia kwa nguvu. Kwanza ulimwuliza yule binti: "Niende, au nikae nawe tu?" Alipokubali, ulichukua mkeka, ukatukusanya wanawake, tukakaa mlangoni kwa yule bwana mchana kweupe.

"Toka nje, bwana harusi!" uliita. "Wakwe zako tumefika, mbona hata maji hutupi?"

Tulikaa mpaka kijiji kizima kikajua. Kesho yake alihama.

Zuhura yuko mwaka wa mwisho wa faculdade, chuo kikuu. Anafanya utafiti juu ya wanafunzi wenzake: nini kinawaweka katika hatari ya kuingiliwa, nini kitawakinga. Jumapili alinisomea. Wasichana wameonywa mengi: wasitembee peke yao, wasivae hivi, wasinywe kile. Wavulana hawakuonywa lolote. Alipowauliza wasichana wangemwambia nani kwanza, wengi walisema, "Hakuna." Mmoja alicheka: "Mlezi wa bweni? Ataniuliza nilivaa nini." Wengine vijiji vyao vimetawanyika, na somo aliyewafunda hawajui yuko wapi.

"Na wewe, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ningemwambia Somo. Lakini amekufa."

Akafunika uso kwa ushungi. Hapo nikajua hilo halikuwa jibu la utafiti. Mwalimu wake, yule anayegawa nafasi za mazoezi ya kazi kwenye mitambo ya gesi kule Afungi, alimwita ofisini, akafunga mlango.

Dada, nimesoma vitabu maisha yangu yote, lakini siku ile niliviweka kando. Nikatoa neno lako: "Niende, au nikae nawe tu?"

Akajilaza kitandani kwangu. Nilikaa naye tu, siku baada ya siku, nikimpikia uji asiounywa. Leo asubuhi amesema, "Twende, Bibi. Chukua mkeka."

Nimewapata watatu kati ya wale uliowafunda. Ni wanawake wazima sasa, wakimbizi kama mimi. Mmoja ameuliza, "Mlinzi wa chuo akitufukuza getini?" Pengine atatufukuza. Tutakaa nje ya geti.

Mkeka wako ulibaki Quionga. Huu ni wa plastiki, tuliopewa kama msaada, na pembe moja imeungua. Nimeshaukunja.

Pumzika, dada. Sauti yangu ni ndogo, unajua. Kesho nikikosa la kuita pale mlangoni, nitaita lako.

Mdogo wako