Jiwe la Shujaa Limesuguliwa

Jumatano. Vumbi limetanda mtaa wetu wa Al Qusais tangu alfajiri, na majengo ya upande wa uwanja wa ndege hayaonekani. Kifua kinanibana kidogo. Sikutoka, isipokuwa kwenda mlango wa pili, kwa Bi Jasu.

Bi Jasu amezaliwa Unguja kama mimi, katika Wahindi wa Kachi. Kiswahili chake ni safi kuliko cha wanangu. Watoto wake wamezaliwa hapa Dubai. Kikachi wanakisikia, lakini wanajibu kwa Kiingereza.

Nyumbani mwake kuna jiwe refu kama kiganja. Wazee wa mumewe walilichonga kwa mfano wa jiwe kubwa lililosimama kijijini kwao, Kachi, kumkumbuka shujaa wa ukoo aliyeuawa akiwakomboa ng'ombe wa jirani mikononi mwa wezi. Kila bibi harusi anayeingia katika ukoo hulipaka unga mwekundu uliokorogwa kwa mafuta, huku wanawake wakiimba wimbo wa shujaa huyo na mnyama wake. Wanaume hawaligusi. Rangi ya mabibi harusi wote hao iligandamana hata jiwe likawa donge jekundu lisilo na sura.

Jana Moraa alilisugua.

Moraa ni mfanyakazi wao wa ndani. Kwao ni Kisii, ambako mawe huchongwa na kung'arishwa kwa msasa na maji. Mjukuu wa Bi Jasu anaoa Ijumaa. Moraa akaona jiwe chafu, akalisafisha kwa moyo wote. Hakutumwa wala hakuuliza.

Bi Jasu aliniita ili awepo mtu mzima asiye wa nyumba ile. Nilimkuta Kirit, mwanawe, amesimama katikati ya sebule.

"Khalas! Visa yake ifutwe leo, arudi kwao."

Moraa alinigeukia mimi. "Mwalimu, nilidhani ni uchafu. Kwetu jiwe la kuonyesha wageni lazima ling'are. Niombee kwa sir, nisirudishwe. Watoto wangu wako na mama yangu, na mama hana nguvu."

Huwa namsahihisha Kiswahili chake. Leo sikumsahihisha hata neno.

Bi Jasu alikuwa dirishani, amevaa miwani, analigeuzageuza jiwe. Ghafla akacheka.

"Maalim, hebu njoo. Huyu kapanda nini?"

Nilitazama. Mchongo wa shujaa juu ya mnyama wake ulikuwa wazi kabisa.

"Ngamia," nikasema.

"Na mie tangu kuolewa naimba farasi! Mama mkwe wangu kaniambia farasi mweupe, nami nikawalaza hawa wanangu kwa wimbo wa farasi mweupe."

Kirit alikunja uso. Alisema kwamba kwao ngamia ni wa wachungaji, na ukoo wao ni wa askari.

"Basi alikuwa mchungaji," akajibu mama yake. "Ng'ombe hawakuwa wake, na kawafia."

Kirit akarudi kwenye visa. Hapo Bi Jasu aliacha Kiswahili, akamwambia kwa Kikachi, nami nakifahamu kiasi tangu utotoni: "Jiwe hili wamelipaka wanawake. Wewe hujalitia hata kidole. Wa kukasirika ni mimi, na mimi nimekwisha lia jana."

Kirit alichukua funguo za gari akatoka.

"Na wewe, kichwa maji," Bi Jasu akamwambia Moraa, "siku nyingine uliza kwanza. Nenda katutilie chai."

"Ndiyo, madam," akasema Moraa, akaenda jikoni.

Moraa amebaki.

Ijumaa bibi harusi atalipaka jiwe, na kufunikwa kwa ngamia kutaanza upya. Nilimwuliza Bi Jasu ataimba mnyama gani siku hiyo. Alisema hajui bado. Ulimi umezoea farasi.

Nimerudi nyumbani, nimefunga madirisha kwa ajili ya vumbi. Watu wa jengo hili watasema Bi Jasu ana moyo laini. Sidhani. Nilimwona alivyokuwa akilipapasa jiwe mahali palipokuwa na rangi ya mama mkwe wake.

Je, lingekuwa jiwe langu, ningemwacha Moraa?

Ningemfukuza. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na jambo hilo halinifurahishi.