Kipimajoto cha Denyse

Donatha, uko? Leo mi nimeaibika mbele ya watu wa barabara wote.

Unajua mi na Denyse tulianza pamoja kazi ya ukaguzi wa barabara hapa Gisenyi. Tangu tuanze, chef, mkubwa wetu wa kazi, anamupa Denyse kipimajoto cha lami. Mi ananipa bendera ya kusimamisha magari.

Bendera, Donatha. Na diploma yetu ni moja.

Bon, leo Denyse akaenda kunywa maji, lori ya lami ikafika. Nikanyakua kipimajoto, nikakichoma juu juu tu kwenye lami, nikamwambia dereva kwa sauti, "Hii imepoa, rudisha."

Imepoa. Nilisema hivyo, watu wote wanasikia.

Denyse akarudi, akakizamisha mpaka ndani kabisa. Lami iko moto sana. Ni juu tu ndiyo ilikuwa imepoa na upepo wa ziwa.

Wafanyakazi wakacheka. Chef akashuka kwenye gari, akauliza nani amekataa lami yake.

Unajua Denyse alijibu nini? "Ni sisi wawili, chef. Tumeshapima tena, iko sawa."

Sisi wawili.

Angenisema, ningepata sababu ya kumuchukia. Sasa namuchukia bure.