Dakika Kumi za Barazani

Chumba Na. 304,
Al Karama,
Dubai, U.A.E.
26 Mei 2024

Mpendwa mpwa wangu Ibtihal,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakuuliza afya yako, maana mama yako ameniambia umekonda na hata chai ya asubuhi huimalizi. Koo lililokusumbua mwezi wa Ramadhani limepona? Watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Goti la kulia linalalamika kwenye ngazi za stoo, lakini kazi naiweza. Joto limeshaanza. Ikifika saa tatu asubuhi magunia ya iliki na bizari yanafukiza mtaa mzima wa Al Ras, na sisi watunza stoo tunanuka biriani kabla hatujaila.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu nne hukuzipokea. Sikulaumu. Barua hii anaichukua Sundus, binti wa jirani yenu anayefanya kazi za ndani huku. Madam wake amempa likizo na anaondoka Jumanne. Nimemsisitiza akukabidhi wewe mwenyewe, asiiache ofisini.

Ninalotaka kusema linahusu tarehe 16, siku uliyochangia bajeti ya Wizara ya Afya katika Baraza la Wawakilishi. Nimefungua daftari langu na kusoma nilichoandika Alhamisi ile: "Ibtihal amesimama saa 5.42 za hapa. Shukrani mpaka 5.51. Kengele ya pili 5.52. Kituo cha afya hakikutajwa." Ni hayo tu. Siku ile sikuwa na moyo wa kuongeza neno.

Nilikuangalia kwenye simu, stoo, baada ya kumwomba ruhusa arbab, bosi wetu. Japhet alikuwa pembeni yangu. Ni dereva wa gari la mizigo, kijana wa Mbeya, tunakaa naye chumba kimoja, na mdomo wake unaujua kwa jinsi ninavyokusimulia. Ulipofika jina la nane akaniuliza, "Mzee Msellem, mpwa wako anahutubia au anaita mahudhurio?" Nikamwambia anyamaze, hiyo ndiyo adabu ya Barazani. Akajibu, "Haya. Lakini adabu imekula sahani yote, hoja italala njaa." Nilikasirika. Kisha kengele ikalia, Spika akasema muda wako umekwisha, nawe ukasema "naunga mkono hoja" ukaketi. Japhet alinipa chupa ya maji akatoka kupakia gari.

Najua lililokuuma zaidi. Umeunga mkono bajeti isiyo na mkunga wetu, na kumbukumbu za Baraza zimeandika hivyo. Chumba cha kujifungulia cha kituo chetu kimejengwa tangu mwaka juzi, vitanda viwili bado vina nailoni zake, na mkunga hakuna. Ndiyo ahadi uliyoitoa kwenye uchaguzi mdogo, na ndiyo iliyokupeleka hapo.

Sasa nisikilize vizuri. Majina yale kumi na manne niliyapanga mimi. Ulinipigia tarehe 11 ukaniambia utaanza na mkunga moja kwa moja, nami nikakukataza. Nilikuambia pale si baraza la madiwani, pale ni mahali pakubwa, na mgeni asiyeshukuru huonekana hakulelewa. Nikakuandikia orodha kwa mpangilio, kuanzia viongozi mpaka wazee wa jimbo, nikakutumia. Wewe ulifanya alivyosema mjomba wako. Kosa ni langu.

Jumapili iliyopita nilizungumza na mama yako. Alikuwa na hasira. Akaniambia, "Kaka, mwanangu kashukuru mpaka watu wa Dubai! Mimi juzi nimekodi gari kumpeleka mke wa jirani Shakir mjini kupimwa, mimba ya miezi saba ile, njia mashimo matupu. Mie nani atanishukuru?" Nikamwambia orodha ile niliiandika mimi. Akasema, "Ndiyo maana na wewe ulikuwamo."

Ndiyo, nilikuwamo. Namba kumi na mbili, "mjomba wangu aliyeko Dubai". Nilijiweka mwenyewe, Ibtihal. Miaka kumi na tisa nimehesabu magunia ya watu, nikatamani jina langu litamkwe mara moja mahali pa heshima. Halikutajwa hata kwa jina, lakini sekunde kumi zako zilikwenda. Nisamehe.

Mama yako ameniambia pia umeapa kutochangia tena, kwamba utakaa, utapiga kura na kusubiri muhula uishe. Hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Mwakilishi anayekaa kimya ni kiti kilichovaa nguo. Bajeti kuu ya serikali inajadiliwa mwezi ujao, na wachangiaji wanapeleka majina mapema. Lako lisipokuwamo, jambo la mkunga limesukumwa mbele mwaka mzima, na mke wa Shakir hana mwaka.

Nimerudi nyuma katika daftari kutafuta siku zako za udiwani. Tarehe 4 Februari 2019 niliandika: "Ibtihal amesema maneno mafupi juu ya paa la soko. Wamekubali." Ulikuwa umetoka darasani kufundisha, chaki ingali mkononi, ukawaambia wauza samaki wananyeshewa na mabati yapo kwenye ghala la halmashauri. Hapakuwa na orodha yangu siku hiyo.

Nimeshamwomba mama yako awaambie kina mama wa kituo kwamba aliyekosea ni mimi. Wapo waliocheka na wapo walionitukana, nami nimepokea yote. Kwa hiyo huna wa kumwomba radhi. Peleka jina lako. Hotuba sikuandikii, na ukinitumia ya kwako nisome kwanza, sitaisoma. Simama, mwambie Spika vitanda viwili viko kwenye nailoni na mkunga hayupo. Ukimaliza kwa dakika mbili, keti. Nane zilizobaki hazina mwenyewe.

Nisalimie mama yako Kijakazi, muulize amepunguza hasira au bado? Msalimie mumeo, na Shakir, na mkewe, ambaye namwombea ajifungue salama na karibu na nyumbani. Japhet anakusalimu, anasema atanyamaza safari hii. Mwenyezi Mungu aufungue ulimi wako na akulinde na ushauri wa watu walio mbali.

Mjomba wako akupendaye sana,
Msellem