Kuchagua Mwangwi wa Gitaa

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mgori tu wazima, shangazi yako amepata mtoto wa kike. Unakula lakini? Usinidanganye.

Nimezisikiliza zile sauti mbili ulizorekodi ukanitumia, za gitaa lako la kulaza mapajani, kila moja na kifaa chake. Unauliza ununue kifaa kipi cha mwangwi, maana Jumapili kwaya inakupima kama ikuchukue.

Zamani, sisi tulipokuwa wasichana, tulifanyia mazoezi ya kuimba kwenye ghala tupu la alizeti. Sauti zilivuma, tukajiona malaika. Mavuno yakaja, ghala likajaa magunia, na harusi tuliyoalikwa kuimba ni kesho yake. Sauti zikafa. Wenzangu wakanigeukia mimi kiongozi: "Wewe, umemeza pumba?" Mwalimu wetu wa nyimbo akacheka: "Siku zote lilikuwa linaimba ghala. Leo ndiyo mnaimba ninyi." Tukarudia humo humo mpaka zikatoka.

Basi mwanangu, zima mwangwi kwanza. Piga mpaka nyuzi zenyewe zikuridhishe, ndipo uongeze kidogo kidogo, tena mbele ya watu, si chumbani peke yako. Kifaa cha kwanza kilivuma vizuri, ila sikujua nani anapiga. Cha pili kilipoanza tu nilimwita jirani: "Njoo usikie, huyu ni Elia!" Nunua hicho.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.