Nilienda Maonyesho ya Besi Kucheka Watu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Masii. Jua imewaka leo mpaka kuku wa jirani wamekuja kulala chini ya cherehani yangu, na vumbi haitaki kutulia. Moyo wangu pia haitaki. Nimekunywa chai vikombe tatu na bado mdomo imekauka, na hiyo si jua.

Kama wewe ni mgeni kwa hii shajara, mimi ni Mama Ndanu. Nashona nguo karibu na soko, shule niliachia darasa la sita, na kila Jumapili napiga besi kanisani. Ndio, besi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Funga mdomo, nzi ataingia.

Hakuna mtu alinifunza. Gitaa ya kanisa ilikuwa inalala kwa duka yangu kwa sababu niko na mlango ya chuma, na wateja wakikosa nilikuwa naitoa naipapasa. Hiyo ndio starehe yangu. Wengine wanaangalia televisheni, mimi napiga besi na kuongea juu ya watu.

Leo nimeenda Machakos mjini kwa maonyesho ya magitaa ya besi. Besi peke yake, holi mzima! Nilienda na Mutua, mwenyekiti wa kwaya. Kanisa imechangia gitaa mpya na sisi wawili ndio tulitumwa kuchagua. Nilivaa ile gauni ya kijani, nikapaka mafuta, nikajua leo ni yangu.

Tumefika kwa geti, Mutua ananishika mkono. "Mama Ndanu, nikuambie ukweli. Gitaa mpya inataka mtu mpya. Huko ndani kuna jukwaa ya kujaribu. Ukipiga vizuri mbele ya watu, unabaki. Ukiaibika, tunatafuta mwingine."

"Mimi niaibike? Mutua, mimi niko na masikio!"

Hiyo kila mtu Masii anajua. Mama Ndanu ako na masikio. Kabla yangu besi ilikuwa ya Kimeu, na Kimeu ndio masikio yake yaliisha. Siku kinanda mpya ilikuja, yeye na kinanda wakakataana kabisa. Kinanda inaenda huku, Kimeu anaenda kule. Alikuwa na kakibanio kake anaweka kwa kichwa ya gitaa, kako na taa, anatuonyesha: "Oneni, taa iko kijani, mimi niko sawa!" Tukamcheka. Mimi ndio nilimwambia mbele ya kwaya yote, "Kimeu, tunaimbia Mungu, hatuimbii taa." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Halafu nikasema ni kaluvu, ile pombe ya asali. Nikasema kwa duka, nikasema kwa soko, nikasema vizuri mpaka Kimeu mwenyewe karibu aamini. Akaondoka kwaya. Baadaye akaondoka Masii, sasa anauza matikiti Kyumbi kando ya barabara. Na mimi nikaketi kwa kiti yake, nikafuata kinanda na masikio tu, tukakubaliana siku ya kwanza.

Nitarudi kwa hiyo. Wacha kwanza nicheke watu.

Aki kuna watu hawana kazi. Holi imejaa wanaume wazima na ndevu zao, kila mmoja amechomeka gitaa kwa spika yake, wote wanapiga wakati moja, kila mmoja wimbo yake. Ni kama ng'ombe mia wanalilia ndama ndani ya boma moja. Na hakuna mwenye anaimba! Besi bila mtu wa kuimba ni ya nini? Ni kama kushona mfuko na hakuna suruali.

Kulikuwa na jamaa wa Syokimau, miwani nyeusi ndani ya nyumba, kofia ya baridi kwa hii joto. Anachapa nyuzi na kidole gumba, pa! pa! pa! kama mtu anafukuza nzi kwa bucha. Akaniona nimesimama hapo.

"Niaje mathe, umekuja kununulia kijana yako?"

"Nimekuja kutafuta wimbo," nikamwambia, "na hapa kwako sioni."

Rafiki zake walimcheka yeye. Nilijisikia vizuri mpaka nikasahau viatu vinaniuma.

Besi ingine ilikuwa na nyuzi sita. Nikauliza, za nini, mnaanika nguo? Ingine imekatwa kichwa, shingo inaishia hewani. Ingine shingo ni laini kama mwiko, haina vile vyuma vya kukuonyesha pahali pa kukanyaga kidole. Nikaambia muuzaji, "Hii mlisahau kumaliza." Akasema ndivyo inakaa, na ndio bei yake iko juu. Yaani unatoa kitu halafu unaongeza bei! Mimi nikishonea mtu shati bila vifungo, hiyo shati nitavaa mwenyewe.

Na mambo yao ya mbao. Mwanaume mzima anagonga gitaa na kidole, amefunga macho, anauliza mwenzake, "Unasikia mbao ikiongea?" Mimi nilisikia kitanda.

Mutua naye nyuma yangu anatingisha kichwa kama anaelewa. Mutua haelewi kitu. Alifanywa mwenyekiti kwa sababu sauti yake ni kubwa na ya bibi yake ni kubwa zaidi.

Meza moja tu ndio ilinituliza, ya Bwana Salim. Huyu ni wa hapa hapa mjini, jamii yao wamefanya biashara Machakos tangu zamani, na anaongea kile Kiswahili safi kinakufanya unyooshe mgongo. Alikuwa na besi nyekundu, nyuzi nne kama yetu. Nikaishika, ikakaa kwa tumbo kama mtoto ameshiba. Niliipenda saa hiyo hiyo, lakini sura sikubadilisha.

Nikaipiga. Haiko sawa. Sauti iko juu.

"Bwana Salim, hii gitaa nyuzi zimekazwa kupita kiasi."

"Mama yangu, nimeipima asubuhi hii."

"Umepima na nini, na macho?"

Akacheka tu, mtu na adabu yake. Nikazungusha vile vitu vya kichwani nikashusha nyuzi moja moja mpaka zikakaa mahali pao. Mimi sihitaji mashine. Ile sauti ya kanisa yetu inakaa ndani yangu hata nikilala. Halafu nikajaribu meza ya pili, iko juu. Ya tatu, iko juu. Nikamwambia Mutua, "Hawa watu wote ni viziwi. Holi mzima imekosea!"

Mutua akaangalia pembeni. Hapo ningeshtuka.

Nikapanda jukwaa na ile nyekundu. Kulikuwa na mtu wa ngoma na dada mmoja wa kinanda, mpole. Nikamwambia tuanze ile pambio yetu ya kuingia, sauti ya G. Watu wamejaa mbele, jamaa wa miwani ndio wa kwanza.

Nikaanza.

Aiya! Ile kitu ilitoka, sitaki kuiandika. Ilikuwa kama paka wawili kwa debe moja. Nikasimamisha. Nikashika maikrofoni, mimi mwenyewe na mkono yangu, nikamwambia yule dada mbele ya watu wote, "Kinanda yako ni mbovu." Akaniangalia kwa huruma. Tukaanza tena, ikawa mbaya zaidi. Mtu wa ngoma akaacha kupiga. Jamaa wa miwani akapiga kelele, "Mathe, hiyo wimbo ulikuja kutafuta umeipata?"

Walicheka jinsi sisi tulicheka Kimeu. Nilitambua hiyo kicheko. Iko na uzito yake.

Bwana Salim ndiye alipanda akanitoa pale polepole. Akaweka kibanio kwa kichwa ya gitaa, kama kibanio cha nguo, kako na taa. Nikajua hako kakitu. Nikapiga uzi wa kwanza, taa nyekundu. Wa pili, nyekundu. Zote nne.

"Mama yangu," akasema, "mtu akikosea, uzi mmoja huenda juu na mwingine chini. Wewe zote nne umezishusha hatua ile ile. Huko si kukosea. Una masikio mazuri sana, ila yamefuata kitu kilichoshushwa. Kinanda cha kanisani kwenu, kuna mtu amewahi kubonyeza vile vifungo vyake vya kushusha sauti?"

Kinanda yetu iko na tepu nyeusi juu ya vifungo viwili upande wa kulia. Iko hapo tangu siku kinanda ilibarikiwa. Sisi tulijua ni mahali pameharibika. Hakuna mtu hugusa, hata wa kupanguza vumbi.

Nikageuka nikaangalia Mutua. Mutua anaangalia viatu vyake.

Nilimvuta mpaka nje kwa geti. Akasema yote, hata sikumfinya. "Nilishusha kidogo tu, Mama Ndanu. Ndio mama watoto afikishe ile sauti ya juu. Siku ya baraka, wageni wamejaa, angeaibika. Halafu nikaogopa mtu atagusa, nikaweka tepu."

"Na Kimeu?"

"Mimi sikujua inasumbua besi."

"Na ulipojua?"

Akaanza kuangalia matatu zinapita.

Kwa hivyo miaka yote hii kanisa mzima tumekuwa chini, na kila mgeni mwenye alikuja na chombo yake tulisema hajui. Kuna mtu wa tarumbeta alitoka analia. Kimeu ndiye alikuwa sawa, peke yake, na taa yake. Sisi wote tulikosea pamoja ndio tukasikika vizuri.

Halafu Mutua akaniletea maneno tamu. "Tunyamaze. Chagua ile nyekundu, hata leo tunaenda nayo. Utapiga mpaka uzeeke, hakuna mtu atakusumbua. Lakini ukisema hii maneno kanisani, watu wataenda kumchukua Kimeu, na wewe utarudi kwa cherehani."

Nitakuambia ukweli kwa sababu hii ni shajara yangu. Nilifikiria. Nilirudi ndani nikaishika tena ile nyekundu. Sina kitu ingine, unaelewa? Watoto wameenda, mzee alikufa, Jumatatu mpaka Jumamosi napima viuno za watu. Jumapili ndio watu wananiangalia mimi. Saa moja na nusu kwa wiki. Na hiyo saa moja na nusu nilinyang'anya mtu na mdomo yangu.

Nikairudisha kwa meza.

"Haikukupendeza?" Bwana Salim akauliza.

"Imenipendeza sana. Niuzie hako kakibanio."

Tumerudi Masii kila mtu na mdomo yake amefunga, na mimi kufunga mdomo si kitu ya kawaida, watu walifikiri niko mgonjwa.

Sasa niko hapa dukani. Nimetoa ile gitaa ya kanisa, ya zamani, nimeweka kibanio. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikakaza uzi wa kwanza pole pole, naogopa itakatika inichape jicho. Ikafika. Kijani. Aki kijani ni rangi ndogo sana kwa ile kitu ilifanya.

Nimecheka watu holi mzima leo. Jamaa wa miwani, mtu wa mbao, yule dada maskini wa kinanda. Bado naona yule wa mbao ni mjinga, hapo sitatoka. Lakini mjinga mkubwa wa Machakos leo alikuwa amevaa gauni ya kijani.

Namba ya Kimeu nilikuwa nayo, sikuwahi kuifuta. Nikapiga. Nilisikia malori ya Kyumbi nyuma yake, na mtu anaitisha tikiti ya kukatwa.

"Kimeu, ni Mama Ndanu wa besi."

"Mm."

"Niko na kibanio. Taa iko kijani."

Nikasikia kisu chake kikipasua tikiti.

"Nyuzi zote?"

"Zote nne. Ni kinanda ilikuwa imeshushwa, Kimeu. Mutua ndiye alishusha. Na ile maneno ya kaluvu ni mimi nilianzisha. Haukuwa umelewa."

Malori yakapita, moja, mbili.

"Kesho utapiga hivyo?" akauliza. "Na kinanda iko vile iko?"

"Nitapiga hivi."

"Basi kesho wewe ndio umelewa."

Akakata. Sijui kama alikuwa anacheka. Nimekaa hapa natafuta kama ilikuwa kicheko.

Sitashusha tena hizi nyuzi. Nimeweka makasi ya kushonea ndani ya mkoba pamoja na Biblia. Kesho kabla ya wimbo ya kwanza nitaenda kwa hiyo kinanda mbele ya watu wote nikwangue hiyo tepu, niseme ni ya nini na nani aliumia, na bibi ya Mutua atafute mahali ya kupeleka koo yake. Baada ya hapo wakitaka kiti ya besi, iko hapo.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kutoka Kyumbi mpaka Masii, mtu akiamka mapema, anaweza kufika kabla ya pambio ya kuingia?