Kabati Linalopumua Juu ya Meza ya Mama

Ghorofa ya juu ya duka la vioo,
Jumamosi jioni, tarehe 8 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini lori la mahitaji litakapofika na barua hii kwenye kambi yenu ya ujenzi wa barabara litakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la barabara ulichotuandikia kimekuacha. Bibi anauliza kama unavaa soksi usiku humo hemani. Nilimwambia siwezi kumwuliza mtu mzima jambo kama hilo. Akasema yeye ndiye aliyekuzaa, kwa hiyo niulize.

Sisi hapa hatujambo. Goti la Bibi linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna maumivu yoyote. Baba bado yuko zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate. Hurudi asubuhi na unga kwenye nyusi, hula, kisha hulala huku sisi tukinyata. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, na chumba cha mbele kimejaa vitambaa vya bluu mpaka tunapita ubavu ubavu. Hata kwenye chai tunaokota nyuzi za bluu.

Mimi pia ni mzima, ila nimechoka. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua ianze na mema, nami naona nimeshayamaliza. Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu.

Kompyuta tuliyoiunda pamoja ulipokuwa likizo haiwaki vizuri tangu mwezi uliopita. Sisemi imekufa. Ingekuwa imekufa, ningelia siku moja nikanyamaza. Ukibonyeza kitufe, taa inawaka, feni linaanza kuzunguka, na Bibi anasema kutoka jikoni, "Kabati limeanza kupumua." Basi tunangoja. Kioo kinabaki cheusi, na yenyewe inatoa milio mirefu mirefu kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Siku nyingine hujizima, ikatulia kidogo, ikajiwasha tena bila mtu kuigusa, kisha ikaanza kulia upya.

Nimefuata ulivyonifundisha, kwamba niguse kitu kimoja tu, nijaribu, ndipo niguse kingine. Nilianza na umeme. Niliihamishia kwenye soketi ya pasi ya Mama, ikalia vilevile. Nikakaza kila waya. Nikaichomoa diski, ikalia bila diski. Nikalichunguza lile feni kubwa, nikaona linazunguka kama kawaida. Mwisho nikafika kwenye vile vibao viwili vyembamba vya kumbukumbu, ulivyoniambia vinaitwa ramu. Nilivitoa, nikavipuliza vumbi, nikavifuta kwa mkono wa sweta, nikavirudisha mpaka vikabana.

Ikawaka, Mjomba. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini, akaja kusimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Niliandika insha yangu yote ya shule jioni ile, nikalala nikijiona mrefu.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni, nikabonyeza kitufe, ikalia.

Na hivyo ndivyo imekuwa tangu siku hiyo. Jioni naitengeneza, inapona. Mchana nikirudi, inaumwa. Nikibadilisha nafasi za ramu, inapona. Nikirudi tena, inaumwa. Baba sasa haulizi habari za shule, anauliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Mwanzoni nilicheka. Siku hizi naona aibu, kwa sababu kila nilichokwisha kukijua kinageuka kuwa uongo kufikia kesho yake, na nimeanza kuishuku mikono yangu mwenyewe.

Labda ningeweza kuendelea hivyo, lakini kuna habari ya meza. Unakumbuka ulisema mashine ikae kwenye meza ya kukatia kwa muda mfupi tu, mpaka utengeneze rafu ukutani. Likizo ikaisha, ukaondoka, na rafu haikutokea. Mama alichora mstari wa chaki juu ya meza, upande mmoja mashine, upande wa pili mkasi. Hajawahi kusema neno baya juu yako. Ila barua zako zikija, hunipa nizisome kwa sauti naye anaendelea kukanyaga cherehani, na salamu hajawahi kunituma. Tangu sare hizi zianze, vitambaa vimekuwa vikianguka sakafuni kwa kukosa nafasi, na juzi alisema taratibu tu kwamba hajui atamaliza vipi akiwa na nusu ya meza.

Siku hiyohiyo alikuja fundi simu wa pale kwenye kona, kufuata suruali yake iliyoletwa kupunguzwa urefu. Haikuwa tayari, akakaa kungoja. Aliikuta mashine iko wazi, akaiwasha, akaweka sikio karibu kama daktari. Akatikisa kichwa. Alisema ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote umekwisha, na kwamba tunalea maiti. Akasema kama tunakubali, yeye atainunua yote kama vipuri na kutuondolea mzigo. Mama alitazama vitambaa sakafuni, akanitazama mimi, akaniuliza nasemaje.

Nilisema aichukue. Suruali ilikuwa bado, basi fundi alisema atakuja kuifuata kesho Jumapili mchana, na gunia lake.

Kwa hiyo jioni hii nimeifungua yote. Kila kipande nimekifunga kwenye vitambaa vyeupe vinavyobaki Mama akikata mifuko ya suruali, hata skrubu nimezifunga. Sikuandikii kukuomba ruhusa, maana jibu lako litakuja mashine ikiwa imeshakwenda. Nakuandikia ili usije ukasikia kwa mtu mwingine. Kule shuleni kompyuta tunazigusa kwa zamu, na zamu yangu ikifika kengele inalia. Hii ndiyo niliyokuwa nikitegemea inifikishe kwenye kazi ya mashine kama yako. Lakini nimefanya yote uliyonifundisha na sikuweza. Nisamehe, Mjomba.

Jumapili jioni.

Nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Nimeikunjua kwa sababu sasa ina makosa, na sitaki kuandika upya kurasa zote.

Leo asubuhi niliona ni vizuri niandike kwa chaki ya bluu ya Mama jina la kila kipande juu ya kitambaa chake, ili fundi asivichanganye. Nilipofika kwenye ramu, nilikuta kitambaa kimelowa. Palikuwa na doa la rangi ya chai upande ule wa yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye ubao. Kibao cha pili kilikuwa hivyohivyo. Nilidhani betri imevuja. Nikanusa.

Ile harufu naijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Ni harufu ya mikono ya Mama. Ni mafuta ya cherehani.

Mama alikuwa anatunga uzi. Nilimwekea vitambaa vile magotini. Alivitazama, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Nilikuwa naipa tone moja moja," akasema. "Ukishaondoka kwenda shule."

Nilimwuliza kwa nini, hasa siku ambazo niliiacha ikiwa nzima.

"Hizo ndizo siku zenyewe. Nikiona imeamka vizuri nasema, isije ikakauka tena mwanangu akaanza upya."

Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambia nini? Si mimi ninayelalamika kila siku kwamba inakula meza yangu?"

Kisha akanieleza yote kama mtu anayemweleza mwalimu. Cherehani yake ikikwama hupuliza vumbi, huweka mafuta, nayo huenda. Alikuwa ananiona kila jioni nikichomoa vibao vilevile viwili, akaelewa kwamba hapo ndipo inapokwama. Basi akawa anaingiza mdomo wa kichupa pale vinapozama kwenye ubao, tone huku na tone kule. Feni nalo alilipa tone lake, ili lisione wivu. Bibi alicheka mpaka akashika goti. Akasema, "Kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukimkaangia mdogo wako mashine."

Nilitaka kukasirika lakini nilikuwa nimechoka mno, na pia nilimwona Mama anavyovishika vile vitambaa. Nikacheka na mimi. Nadhani nililia kidogo pia.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Aliviweka vitambaa vya bluu juu ya kitanda, akavuta taa ya cherehani karibu, akaleta ile brashi ndogo ya kusafishia chini ya sindano. Bibi akatoa spiriti yake ya vidonda. Mimi nilisugua meno ya ramu kwa ufutio mpaka yakang'aa, na Mama akashughulikia mifereji ya ubao kwa kijiti alichokizungushia kitambaa, kwa mkono ule usiotetemeka. Akavuta kitu. Ulikuwa uzi mnene wa manyoya ya bluu uliolowa mafuta, kama utambi wa taa. Ukatoka mwingine, na mwingine tena. Akazipanga nyuzi hizo mezani akasema, "Hizi ni sare zangu." Ndipo tukajua kwamba hata lile tatizo la kwanza, kabla ya mafuta, lilitoka kwenye mkasi. Nyuzi zilikuwa zikiingia humo kila anapokata, nami nilizoea kuiacha mashine wazi kwa sababu nilichoka kufungua skrubu.

Tuliviweka vitu dirishani vikauke. Nilikuwa nairudisha skrubu ya mwisho fundi simu alipobisha hodi na gunia lake. Mama akampa kiti, akamwambia asubiri kidogo. Baba aliamka kwa mazungumzo, akaja akijifuta macho, akauliza kama mgonjwa anazikwa leo.

Nilibonyeza kitufe. Taa ikawaka. Feni likazunguka, na Bibi hakusema neno lake la siku zote. Kioo kilikuwa cheusi, na kikaendelea kuwa cheusi kwa muda ambao sitausahau. Halafu ikatoa mlio mmoja mfupi tu, na maandishi yakatokea. Iliuliza leo ni tarehe ngapi. Nilikuwa nimeitoa ile betri ya saa yake, nayo iliamka ikidhani bado ni mwaka ilipotengenezwa.

Fundi simu aliisogelea, akaitazama juu na chini. "Sasa mimi na gunia langu turudi hivihivi?"

"Hurudi hivihivi," Mama alimjibu. "Chukua suruali yako."

Sitaki kukudanganya kwamba imepona kabisa. Nimeizima na kuiwasha mara nyingi, na mara moja ilifikiri kwa muda mrefu kabla ya kuamka. Huenda mafuta mengine yamebaki nisipopaona. Kesho nikiwa darasani najua mawazo yangu yatakuwa huku. Lakini sasa angalau nikiirekebisha itabaki nilivyoiacha, na kwangu hilo ni pumziko. Mama ameishonea kifuniko kwa masalio ya sare, na mimi nimeahidi kufunga ubavu wake kila siku hata nikiwa nimechoka vipi. Pia amenipa kile kichupa cha mafuta. Amesema niende nacho shuleni kwenye mkoba, asije akaionea huruma, na cherehani itavumilia mpaka nirudi.

Ukipata nafasi niandikie kama spiriti inatosha, au kuna kitu kingine cha kuondoa mafuta mahali ambapo kijiti hakifiki.

Baba anakusalimu na kukuarifu kwamba mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Bibi anakuombea kheri usiku na mchana, na bado anangoja jibu la soksi. Mama naye amenituma salamu. Alizisema bila kuacha kushona, akanisimamia kwa jicho mpaka nizimalize kuandika: "Mwambie mdogo wangu nimeichafua mashine yake na nimeisafisha. Meza bado ni yangu, na rafu naingoja, ila aje aitengeneze mwenyewe."

Mungu akulinde na mashine kubwa za huko, na akurudishe kwetu na misumari ya rafu.

Mimi mpwa wako akupendaye, anayekwenda kulala,
Bisibisi.