Ngiri ya Doria, na Yako

Baba yangu,

Leo nimecheka peke yangu jikoni nikikukumbuka wewe na mbwa. Wewe, uliyekuwa ukikunja kanzu hata mbwa akipita ng'ambo ya barabara! Niliporudi nyumbani Kariakoo nikiwa mjane, sikuja na kumbukumbu ya mume wangu ila mbwa wake, Doria. Ulinipokea kwa machozi, yeye ukamwonyesha uani. "Ndani asitie mguu," ulisema.

Kisha akaota uvimbe kwenye kinena. Mzee Kombo, kinyozi wetu, aliyeumika watu kwa pembe na kutumbua majipu mtaa mzima, akaja na wembe. "Jipu hili, limeiva." Nilimshika Doria nikilia. Ningempoteza yeye, ningefiwa upya.

Ukatoka chumbani, ukaona kwamba tangu alazwe chali uvimbe umenywea.

"Weka wembe, Kombo. Jipu halirudi ndani. Hiyo ni ngiri, huo ni utumbo. Utamuua."

"Umejuaje?"

Mbele ya majirani waliojaa uani, ukasema, "Mimi ninayo."

Miaka yote ulituambia magoti ndiyo yanayokufanya usali umekaa. Hakuna aliyecheka, Baba. Sijawahi kukupenda kama siku ile.

Mzungu daktari wa mifugo wa serikali alimlaza Doria kwa dawa ya usingizi, akapasua, akarudisha utumbo mahali pake, akashona tundu. Kabla ya kumlaza alitaka mtu wa kumshika. Mimi nilishindwa kutazama, ukamshika wewe. Ulipofika nyumbani ulijitwahirisha kwa maji na udongo mpaka nikadhani utajichubua, huku ukinung'unika. Lakini siku zote za kidonda ulikuwa ukichungulia uani, ukidhani sikuoni.

Doria alipoanza kukimbia tena, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Nisindikize hospitali, mwanangu. Naogopa." Nami niliogopa kuliko wewe.

Sasa umetutoka na nyumba imepoa. Nayakosa hata manung'uniko yako. Ila kinachonikaa moyoni ni asubuhi ile, ulipopona baada ya kupasuliwa nawe, ukasali umesimama. Ulisujudu, ukakawia. Nilidhani umezidiwa, nikakukimbilia. Kumbe ulikuwa unalia, paji la uso juu ya mkeka, hutaki kuinuka.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema.

Binti yako